Msala wa Mita Mbili

Jumapili, 7 Septemba

Leo nimezaliwa upya! Kamati ya michezo ya vyuo imebadilisha kanuni. Zamani mwanafunzi akihama chuo alikaa nje mwaka mzima kabla ya kuruhusiwa kuichezea timu mpya, kama mtu aliye edani. Basi, yamekwisha. Sasa anahama leo, anacheza kesho. Dirisha la uhamisho liko wazi mpaka Alkhamisi ya wiki ijayo.

Miaka yote hii mie nafundisha. Napokea watoto wasiojua mpira wa kikapu unadundwa kwa kiganja au kwa vidole. Nawafundisha pasi. Nawafundisha ulinzi. Nawafundisha mkono wa kushoto, kazi ya kumfanya mtu mzima alie. Mwaka wa nne ndipo wanapoanza kucheza kama watu, na mwaka huo huo wanavaa joho na kwenda zao. Nabaki na wengine wasiojua mpira unadundwa kwa kiganja au kwa vidole. Huu si ukocha. Hii ni chekechea.

Kule Amerika wameshaamka. Kijana mwaka huu yuko chuo hiki, mwakani yuko kile. Kocha halei tena. Kocha anachagua, kama mama anavyogonga matikiti sokoni.

Na mie sina budi kuchagua haraka. Daktari Kawthar, mkuu wa chuo chetu hapa Bawshar, Maskati, aliniita asubuhi. Akaniambia kwa upole (upole wake ndio unaotisha) kwamba wanafunzi wanaomba viwanja vya padeli, ule mchezo wa raketi wa siku hizi. Akasema msimu uliopita hatukushinda hata mechi moja. Nikamwambia moja tulishinda. Akasema ile wapinzani waliharibikiwa na basi. Mwanamke huyu hasahau kitu! Mwisho akatoa hukumu: tukishinda mechi ya kwanza, tarehe 25, ukumbi unabaki wetu. Tukishindwa, ukumbi unakatwa viwanja vya padeli na timu inavunjwa.

Mechi ya kwanza ni dhidi ya nani? Dhidi ya chuo cha Ghubra. Kocha wao nani? Jaifar! Nilisoma naye darasa moja, nikacheza naye timu moja, na mpaka leo kila harusi anayonikuta anasimulia kile kikapu nilichojifunga mwenyewe. Kila harusi! Mpaka maharusi wananionea huruma.

Jioni alikuja Msellem, nahodha wangu. Ni mtoto wa dada yangu Jawaher. Baba yake alifariki, Mungu amrehemu, kwa hiyo mie ndiye mzee wake. Nilimfundisha tangu yuko mfupi kuliko meza, kwa ndoo iliyokatwa kitako nikaipigilia ukutani nyuma ya nyumba. Akaniuliza mazoezi yetu ya ziada yanaanza lini. Nikamwambia mwanangu, mambo ya kufundishana yamepitwa na wakati. Akasema sawa, mjomba. Mtoto mtiifu, lakini hana upeo.

Jumatatu, 8 Septemba

Nimempata wangu. Anaitwa Aws. Yuko chuo cha Jaifar! Mita mbili na ushei. Akisimama chini ya kikapu haruki, anaweka tu, kama mtu anayerudisha sahani kabatini. Nikimchukua huyu najijenga na nambomoa Jaifar kwa pigo moja.

Nilimpigia simu. Akaniambia yeye hana neno, neno analo baba yake. Baba yake ni Bwana Maan, mtu mzito, anakaa hapa hapa Bawshar, nyuma ya msikiti. Mtu wa mila. Hatoki nje bila kilemba.

Mtu wa mila! Hapo ndipo akili yangu ilipowaka. Kwetu mgeni mwenye haja nzito, kama posa au suluhu ya watu waliogombana, akiletewa kahawa haigusi. Anakiweka kikombe chini mbele yake. Mwenye nyumba akiona hivyo anajua, na muungwana husema: kunywa, haja yako imekubaliwa. Asiposema, mgeni anaondoka bila ya kunywa, na hiyo ni aibu itakayosimuliwa mpaka kwa wajukuu. Hakuna kocha aliyewahi kutumia njia hii kupata mchezaji. Hakuna! Mie wa kwanza.

Nimemweleza mke wangu, Nasriya. Aliniuliza kama sioni haya kuchukua mila ya wazee na kuipeleka kwenye mpira. Nikamwambia haya ndizo zilizonifikisha mkiani.

Jumanne, 9 Septemba

Posa haiendi bila mzee. Nimekwenda kumbembeleza shangazi yangu, Bi Masouda. Kazaliwa Unguja, kaja huku msichana, na akiingia nyumba yoyote Maskati hii watu husimama. Aliuliza binti ni nani. Nikamwambia hakuna binti, kuna kijana mrefu. Aliniangalia. Akauliza kijana huyo mrefu ana maradhi gani hata aombewe na watu. Nikamweleza habari ya dirisha, kamati, uhamisho. Alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama Msellem anajua. Nikasema Msellem hayamhusu. Akasema, nnavyojua mie (hivi ndivyo alivyosema, "nnavyojua mie") usiache mbachao kwa msala upitao.

Nikamwambia, shangazi, msala huu una mita mbili!

Akakubali kuja. Nadhani ni kwa ajili ya halwa.

Jumatano, 10 Septemba

Ushindi! Ushindi mtupu!

Tulikwenda baada ya alasiri. Mie kanzu mpya, kofia mpya, Bi Masouda na udi wake, bakuli la halwa ya zafarani likiwa mapajani mwake. Mkewe Bwana Maan alikuja kukaa na Bi Masouda, na katika dakika chache wakagundua ni jamaa kwa upande wa bibi. Mlango umefunguka bila kubishwa. Ikaja tende, ikaja kahawa. Nikapokea kikombe. Nikakiweka kwenye zulia.

Bwana Maan alikitazama kile kikombe kama mtu aliyeona nge. Akamtazama mkewe. Baadaye nilielewa kwamba ana mabinti watatu na alikuwa anajiuliza ni yupi. Lakini muungwana ni muungwana. Akasema: kunywa, haja yako imekubaliwa.

Nikanywa. Nikasema haja yangu ni Aws. Alishusha pumzi mpaka kilemba kikatikisika. Akacheka, akasema kama ni huyo nimchukue na vitu vyake vyote.

Njiani Bi Masouda hakusema kitu isipokuwa kwamba halwa ilizidi samli.

Alkhamisi, 11 Septemba

Aws amefika mazoezini. Amechelewa, lakini amefika. Ana masharti kidogo. Hakimbii kurudi nyuma kulinda kwa sababu ya goti. Anataka kuegesha gari kivulini, na kivuli kimoja tu kilichopo ni cha Daktari Kawthar. Na anataka jezi namba saba.

Namba saba ni ya Msellem. Ameivaa tangu mwaka wa kwanza. Nilimwita kando, nikamwambia nahodha wa kweli hujitolea. Aliivua pale pale, akaikunja vizuri, akampa Aws. Aws akasema inambana, akaitia mkobani. Sasa wote wawili hawana namba saba.

Msellem aliniuliza kama ataanza mechi. Nikamwambia tutaona. Alitikisa kichwa, akaenda kuwaokotea wenzake mipira. Kweli mtoto huyu hana makuu, na kocha anahitaji watu kama hawa wa kukaa benchi.

Ijumaa, 12 Septemba

Sijui nianzie wapi. Lahaula!

Baada ya sala ya Ijumaa tulikuwa na wageni, kaka zake Nasriya wote, pilau, nyumba imejaa. Mara kengele. Nani? Jaifar! Na mzee mmoja wa kwao, na bakuli la halwa kubwa kuliko langu.

Moyo wangu ulijaa furaha. Nikajua amekuja kumlilia Aws. Hatimaye Jaifar amenyenyekea, tena mbele ya mashemeji! Nikamkaribisha juu kabisa ya majlisi, sebule yetu ya wageni. Ikaja kahawa. Akapokea kikombe, akakiweka chini.

Nilipaswa kufikiri. Nakiri nilipaswa kufikiri. Lakini mashemeji wote wananitazama, na mie nimeshajiona mfalme. Nilikuwa na jibu tayari: Aws haombeki kwa sababu ameshakubaliwa na baba yake, kwa hiyo hata nikisema ndiyo sipotezi kitu. Nikasema kwa sauti ya kusikika mpaka jikoni: kunywa, Jaifar, haja yako imekubaliwa, hata ukitaka gari!

Akanywa. Akaomba cha pili. Akanywa. Akafuta mdomo taratibu, mjinga yule, akasema gari anayo. Anamtaka Msellem.

Mashemeji wakasema mashallah. Mashallah kitu gani!

Niseme nini? Neno limeshatoka. Jaifar alisema ameshazungumza na dada yangu Jawaher, naye kamwambia mzee wa Msellem ni mjomba wake, aende kwa mjomba. Alipotoka mlangoni akanishukuru, akasema njia ya kahawa ameisikia kwa Bwana Maan na ameipenda sana.

Msellem alikuja jioni. Alisimama mlangoni, hakukaa. Aliniuliza, mjomba, wewe mwenyewe unataka niende? Nikamwambia neno la muungwana halirudi. Akarudia: lakini wewe unataka? Nikamwambia mambo haya hayaendi kwa kutaka. Akasema sawa, mjomba.

Nasriya hajanisemesha tangu wakati huo, ila mara moja kunambia mkuki kwa nguruwe. Hakumalizia. Hakuna haja ya kumalizia.

Basi! Nani anamhitaji Msellem? Mfupi. Nina Aws.

Jumapili, 14 Septemba

Mazoezi saa kumi na nusu. Saa kumi na moja niko peke yangu na mipira. Hata Aws hayupo.

Nimepiga simu kwa mmoja mmoja. Sasa nagundua jambo ambalo hakuna mtu aliyewahi kunambia: watoto hawa wanne hawana magari. Wote walikuwa wanaletwa na Msellem! Anawapitia kila siku kwa ile gari yake kuukuu, mmoja Ghubra, mmoja huku milimani, wawili karibu na mtaa wa Ghala, anawaleta na kuwarudisha, na njiani anawanunulia chai ya karaki, ile nzito ya maziwa na iliki. Na mie miaka miwili najisifu kwamba timu yangu ina nidhamu ya kufika kwa wakati.

Niliwauliza watakuja vipi. Wakasema hawaji. Wanahama. Msellem sasa anaelekea upande ule, na gari inaelekea alikoelekea Msellem.

Timu inahama kwa sababu ya kiti cha nyuma! Amerika hawakulisema hili.

Jumatatu, 15 Septemba

Sikati tamaa. Timu nzima nitaijenga kwa uhamisho. Ndiyo njia ya kisasa, haina machozi. Bi Masouda, halwa, twende.

Nyumba ya kwanza, Ghubra: nimekubaliwa. Mlinzi mmoja, hodari, anaitwa Atheer. Alhamdulillahi.

Nyumba ya pili: naingia majlisi, namkuta kocha wa chuo kingine amekaa, halwa mbele yake, kikombe chake chini, kimejaa. Nikaletewa changu. Nikakiweka chini. Tukatazamana. Mwenye nyumba, maskini, jasho linamtoka na kiyoyozi kinavuma. Akimkubalia huyu anamwaibisha yule. Mwisho akasema ana watoto wawili, kila mtu achukue mmoja. Mwenzangu kapata mchezaji. Mie nimepata bingwa wa mchezo wa dama.

Nyumba ya tatu hawakutoa kahawa. Wametoa juisi ya boksi. Habari zimeenea.

Jumanne, 16 Septemba

Nimekuwa dereva. Naanza Bawshar, nampitia Aws (gari ameitia gereji), anaregeza kiti mpaka kichwa chake kinafika kwa abiria wa nyuma. Kutoka hapo Ghubra kwa Atheer. Halafu mcheza dama. Halafu wengine wawili niliowapata kwa simu, waliokubali upesi mno hata nikaingiwa na shaka. Shaka ilikuwa ya haki. Mmoja anacheza na miwani ya jua.

Leo gari yangu imechemka barabarani. Tumeisukuma mpaka gereji moja ya Ghala. Aws hakusukuma kwa sababu ya goti. Fundi alitutazama sote kwenye jua lile, akauliza sisi ni kina nani. Nikasema sisi ni timu ya mpira wa kikapu. Akasema ana mpwa wake mrefu.

Nimechukua namba ya simu ya mpwa.

Alkhamisi, 18 Septemba

Dirisha limefungwa leo. Adhuhuri Bwana Maan alinipigia simu. Alianza kwa kuniuliza hali ya nyumbani, na watoto, na shangazi. Alipofika kwa shangazi nikajua mambo si mazuri.

Jana alikuja kwake kocha wa chuo cha tatu. Na wazee wanne. Na kikombe akakiweka chini. Bwana Maan akanambia, sasa wewe ungekuwa mimi ungefanya nini?

Aws ameondoka. Siku saba tu! Nimemuuliza na jezi namba saba, akasema iko kwa dobi.

Jumapili, 21 Septemba

Mazoezi ya timu mpya. Wachezaji hawajuani majina. Mmoja akitaka pasi anasema ee, wewe, ee. Wote wanne wanageuka. Atheer hatoi pasi kwa mtu yeyote kwa sababu, anasema, alihamia hapa kuonekana. Mwenye miwani ya jua amesema alikotoka aliahidiwa vitu zaidi. Mcheza dama ndiye pekee anayenisikiliza, na anasikiliza vizuri, lakini anafikiri sana kabla ya kutupa mpira. Anafikiri mpaka anapokonywa.

Nilijaribu kuwafundisha ulinzi. Waliniuliza wa nini, mwakani hawatakuwepo.

Nilikaa kwenye benchi. Ukumbi ulikuwa kimya. Zamani kulikuwa na kelele sana hapa, watoto wakicheka, Msellem akiwapigia makofi hata waliokosa. Ilinikera ile kelele. Leo nimeikumbuka, na sikupenda kuikumbuka, kwa hiyo nikaenda nyumbani.

Alkhamisi, 25 Septemba

Nimekwisha.

Ukumbi ulijaa. Daktari Kawthar mstari wa mbele, pembeni yake mtu wa padeli amebeba tepu ya kupimia. Tepu! Mechi haijaanza mtu anapima!

Upande wa Jaifar nikawaona wanangu. Wote. Msellem na wanne wake, jezi za watu. Msellem alikuja kunisalimia kabla ya mechi, akanibusu mkono mbele ya watu wote. Nikamwambia asidhani nitamhurumia. Akasema sawa, mjomba.

Niseme kweli, hatukushindwa vibaya mwanzoni. Kwa sababu ambayo hata mie siijui, mipira ya Atheer ilikuwa inaingia. Akitupa kutoka mbali, inaingia. Akitupa amefumba macho, inaingia. Robo ya mwisho tulikuwa nyuma kwa pointi moja na mpira wetu. Nikapiga kelele atoe pasi kwa mcheza dama aliyekuwa peke yake chini ya kikapu. Atheer hakutoa. Akatupa. Haikuingia. Mpira ukamwangukia Msellem.

Alikimbia nao uwanja mzima. Mwenye miwani alimngoja upande wa kulia, kama anavyongoja mtu yeyote mwenye akili timamu. Msellem akabadilisha. Mkono wa kushoto. Bega chini, hatua ndefu, mpira ukagusa ubao na kuingia, mtupo ule ule tulioufanya mara elfu kwenye ile ndoo nyuma ya nyumba, yeye analia kwamba hawezi na mie namwambia tena.

Nikaruka! Nikapiga kelele hivyo hivyo, mwanangu, hivyo hivyo! Nikapiga makofi. Nilipogeuka, ukumbi mzima ulikuwa unanitazama, na Jaifar alikuwa anacheka ameshika tumbo. Filimbi ikalia.

Sasa harusini atakuwa na hadithi mbili.

Ijumaa, 26 Septemba

Daktari Kawthar amenipigia simu siku ya mapumziko. Nilijiandaa kwa matusi. Hakutukana. Alisema mtu wa padeli amemwambia asubiri, kwa sababu vifaa havijafika. Na alisema, kwa upole wake ule, kwamba jana alimwona kijana mmoja wa mkono wa kushoto, akaulizia, akaambiwa alikuwa wetu. Akasema nikimletea timu inayofanana na ile iliyotufunga, nina mpaka mwisho wa msimu. Nisipoileta, tepu itarudi Jumatatu.

Na kamati, baada ya wazazi kulalamika kwamba majlisi zao zimekuwa vituo vya makocha, imetoa tamko jipya: mchezaji aliyehama akajuta anaweza kurudi alikotoka, mradi kocha wake wa zamani akubali. Mwisho Jumapili.

Kwa hiyo bado ninayo nafasi! Nimefikiri asubuhi nzima. Timu inayofanana na ile. Kuna jibu moja tu.

Nimempigia Aws. Hakupokea.

Jumamosi, 27 Septemba

Leo walijaribu kunifanya mjinga mara ya pili. Hawakufanikiwa.

Baada ya alasiri kengele ililia. Nikachungulia dirishani. Gari ya Msellem iko nje, injini inawaka, na ndani yake vichwa vinne vimebanana. Nikajua hapo hapo. Jaifar ametuma jeshi.

Msellem aliingia peke yake. Kanzu imepigwa pasi, kofia mpya. Mkononi bakuli la halwa! Alipitia jikoni kwanza kumsalimia Nasriya, akakaa huko kitambo, nikawasikia wananong'ona. Halafu akaja majlisi, akakaa chini karibu na mlango, mahali pa mdogo. Nasriya akaleta kahawa mwenyewe, jambo ambalo hajanifanyia tangu Ijumaa ile. Macho yake mekundu. Vitunguu, nadhani.

Msellem akapokea kikombe. Akakiweka chini.

Aha!

Mie si mtoto. Nimeshaumwa na kikombe hiki. Nilijiuliza Jaifar anataka nini tena. Atheer? Ukumbi wangu? Sikumwambia kunywa. Msellem ananitazama tu. Ile kahawa ilikuwa inafuka moshi baina yetu. Mwisho alisema, mjomba, nina haja. Nikamwambia najua una haja, na kamwambie aliyekutuma kwamba mjomba wako Sleyum hasemi imekubaliwa tena katika nyumba hii, hata aje nani.

Akasema hakutumwa na mtu.

Nikamwambia ndivyo wanavyosema wote.

Macho yalimjaa, akainamisha kichwa ili nisione. Kisha akasimama, akanibusu mkono, akasema sawa, mjomba. Kikombe amekiacha pale pale kimejaa. Nikasikia mlango wa gari, kisha gari ikaondoka.

Nasriya aliingia. Alikitazama kikombe. Aliniuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimejilinda. Akakaa chini, mwanamke wa watu, akashika kichwa. Akanambia Msellem alikuja kuomba kurudi. Yeye na wenzake wote wanne. Walikuwa garini wanangoja, viatu vya mazoezi miguuni, wakidhani mjomba atasema ndiyo na wote waende ukumbini jioni hii hii. Jaifar mwenyewe kawaruhusu. Alichokuwa anataka mtoto, akasema, ni mtu mmoja amwambie anamtaka, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Nikamwambia sasa mbona hakusema? Nasriya akasema alikuwa anasema hivyo ulivyomfundisha wewe.

Amenitolea simu, namba ya Msellem iko tayari, kilichobaki ni kubonyeza tu. Akasema mwambie rudi, basi, neno moja. Hajafika hata barabara kuu.

Wanawake hawaelewi mambo haya. Kumpigia mchezaji simu! Nahodha mzima, mwenye mkono wa kushoto kama ule, mchezaji bora Maskati nzima, huwezi kumpata kwa simu kama unaagiza kuku. Mtu kama huyo anafuatwa kwa heshima zake. Nitakwenda nyumbani kwa dada yangu Jawaher, kanzu safi, na bakuli kubwa kuliko la Jaifar, na kikombe nitakiweka chini mpaka aseme mwenyewe.

Nimempigia Bi Masouda. Anasema goti linamuuma, kesho hawezi. Jumatatu ataweza.

Nasriya amenikumbusha kwamba mwisho ni kesho. Nikamwambia kamati hizi nazijua, lazima wataongeza siku. Ameichukua simu yake, ameondoka bila kujibu.

Kahawa ya Msellem nimeinywa mie, isiharibike. Halwa nimeshaagiza, ya zafarani, nimewaambia samli wapunguze.